Nani Akae Nyuma ya Migomba

Kyimo, alasiri, mvua inanyesha

"Mlango wa mkutano uko wazi kwa kila raia. Asiyeingia amejinyima sauti yake mwenyewe, na asimlaumu mtu."

Si kweli, Subilaga. Huo ni uongo uliovaa nguo za kanisani, na ninao uhuru wa kuutukana kwa sababu namjua aliyeuzaa. Umeuweka kwenye ukurasa wa kwanza wa insha yako, ukaupigia mstari, na pembeni ukaandika kwamba umeutoa gazetini. Jina la mwandishi hukulitaja. Sijui ulinistahi, au ulitaka kuona kama nitajitambua. Nimejitambua. Kwa hiyo leo sina adui wa kugombana naye ila mwalimu mmoja wa Kyimo, mwenye mvi kiasi na maneno mengi, aliyeyaandika hayo wakati wewe ukiwa bweni, kidato cha pili. Nimegombana na wakuu wengi kwa kalamu, lakini huyu nina hamu naye kuliko wote.

Habari za blanketi, za kuchemsha maji na za kutokula vya njiani mama yako amekwisha kukwambia, huko siingii. Umekwenda Masukulu kumuaga bibi yako. Nyumba imenyamaza, nasikia bati tu. Uliniachia insha hii mezani ukasema, "Baba, ikosoe bila huruma, kama unavyowakosoa wakubwa." Nimeisoma, nikaenda kutazama mvua, nikarudi nikaisoma tena. Ni nzuri. Pale unapoeleza kwa nini wachuma chai waliandamana wanawake kwa wanaume, lakini waliokwenda kuzungumza na meneja walikuwa wanaume peke yao, nilipiga meza kwa kiganja hadi kuku akatoka chini ya kiti. Ndiyo maana sentensi ile imeniuma. Imekaa katikati ya mawazo mazuri kama kokoto kwenye wali.

Halafu kuna jambo la jana. Nilipokwambia kwamba kesho asubuhi sitakuwepo stendi kukusindikiza, kwa kuwa mke wa kaka yako atakuwepo, ulisukuma sahani.

"Baba, nchi ina vyama vingi, mimi naenda chuo kikuu, na wewe bado unakimbiana na mama Gwakisa kwenye migomba?"

Nikacheka. Haikuwa saa ya kucheka, maana macho yako yalikuwa yamejaa.

"Nikimaliza kusoma nitayafuta haya yote," ukasema.

"Kwanza maliza ndizi," akasema mama yako.

Barua hii inajibu yote mawili, insha na stendi. Ukifika mwisho utaona kwamba nimejibu jambo moja.

Najua utawasomea wenzako huko bwenini, kwa sababu wewe hujawahi kukaa na neno tumboni tangu ulipojifunza kusema. Basi niwaeleze wao, ambao wametoka Mwanza, Mtwara na kwingineko. Kwetu Unyakyusa, mwanamke akiolewa haonani na baba mkwe wake. Hawasalimiani uso kwa uso, hawali pamoja, hawakai kwenye baraza moja. Akisikia kikohozi chake njiani, anaacha njia na kuingia kwenye migomba hadi mzee apite. Ni heshima, na heshima hiyo inambana mzee pia: asimtazame, asigeuze shingo kule alikojificha. Siku hizi wako walioilegeza, wengine wameiacha kabisa. Kwangu ilikuwa bado kamili. Kaka yako Ambakisye alipooa, mkewe aliingia katika nyumba ya pili ya ua wetu, akanizalia mjukuu, Gwakisa, na kwa miaka hiyo yote nilichokijua kwake ni harufu ya chakula chake na kivuli cha kanga yake kikipotea kwenye kona.

Sasa sikiliza kisa ambacho hukukikuta, kwa kuwa ulikuwa shuleni, na ambacho sikukuandikia kwa kuwa hakinisifu.

Ulikuwa wakati wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia vijijini. Mfanyabiashara mmoja wa mjini Tukuyu alileta maombi kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Asegelile. Alitaka eneo la bondeni, kwenye chemchemi, aweke mtambo wa kumenya na kuosha kahawa. Bonde unalijua: ni pale wanawake wa kijiji wanapolima matuta ya kiangazi, maharage, viazi na mboga, wakati milimani kumekauka. Chakula kinachowavusha watoto hadi mvua zinaporudi kinatoka pale. Kwenye makaratasi bonde ni ardhi ya kijiji, kwa hiyo lilihitaji uamuzi wa mkutano mkuu, na mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke. Sheria iko hivyo, na ni sheria nzuri. Niliisoma darasani kwa sauti kila mwaka.

Tulikutana uwanja wa shule. Nilisimama, na unanijua nikisimama. Nilianza na mkoloni, nikaja kwenye soko huria, nikawaeleza habari za wakulima wa kahawa wa mabara mengine, nikawaonya juu ya wenye mitaji. Wazee wengine walitoka kwenda kujisaidia, wakarudi, mimi bado niko njiani. Nilikuwa na hoja. Nilichokosa ni watu. Mwenyekiti alipouliza nani anakubali, wanaume wengi walinyoosha mikono, wamechoka nami na wana hamu ya mnunuzi anayelipa papo hapo. Alipouliza nani anakataa, tulikuwa kikundi kidogo, baadhi yetu vikongwe na wake ambao baba wakwe zao walikwisha kufa, mama yako akiwa mmoja wao. Bonde likaenda.

Nilirudi nyumbani nimewaka. Nikajiuliza: wenye matuta yao walikuwa wapi? Mbona wameacha shamba lao liondoke bila neno? Nikaketi meza hii hii nikaandika makala. Niliwasema wanawake wa Rungwe kwamba wanalalamika visimani na kunyamaza mikutanoni, na nikamaliza kwa sentensi uliyoipigia mstari. Gazeti likaichapa. Nikalinunua, nikamsomea mama yako akichambua maharage.

Alisikiliza hadi mwisho. Hakuinua kichwa.

"Baba Ambakisye, siku ile ya mkutano, nyuma yako kulikuwa na nini?"

"Nyuma yangu? Migomba ya shule."

"Na kwenye migomba?"

Nikakunja gazeti.

"Walikuwepo," akasema. "Mkweo alikuwepo, na mtoto mgongoni. Wakamwana wote wa kijiji, wake wa vijana wenu, walikuwepo. Umeketi kiti cha mbele, wao wangeketi wapi? Mvua ilipoanza, ninyi mlijisogeza chini ya paa la darasa. Wao walibaki kule kule. Na mwenyekiti alipouliza nani anakataa, walinyoosha mikono. Mimi niliiona. Asegelile hakuitazama. Wewe pia hukuitazama."

"Mimi nisingeweza kutazama kule!"

"Ndiyo," akasema mama yako, akapuliza makapi. "Hicho ndicho ninachokwambia."

Sasa unaona kwa nini sentensi ile ni uongo? Mlango ulikuwa wazi kweli. Hakuna askari aliyemzuia mtu. Ila nilikuwa nimekaa mlangoni mimi, mtetezi wao, na kila nilipopaza sauti kuwatetea niliwajulisha kwamba bado nipo, wasisogee. Na hawakujinyima sauti. Walipiga kura. Kura zao zilipigwa mahali ambapo adabu yetu ilituamuru tusipatazame. Halafu nikawakaripia gazetini, mbele ya nchi nzima, kwa kutokuonekana.

Wenzako wa bwenini watasema jawabu ni jepesi, na wewe ulilisema jana: tuyafute. Nami nilikuwa na akili hiyo hiyo, mwanangu. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko wewe, na vyote vilikuwa upande wangu. Kesho yake asubuhi nilisimama uani nikatangaza kwa sauti ya darasani kwamba nyumbani kwangu mila hii imekwisha kuanzia leo, na kwamba mama Gwakisa aje sebuleni anisalimie kama binadamu mwenzangu.

Alikuja. Ambakisye alimwambia aje. Aliingia kinyumenyume, kanga imefunika kichwa na uso, mama yako akimwongoza kwa mkono. Nilimwambia, "Karibu, mwanangu, keti, wewe ni huru." Akapiga magoti akiangalia ukuta. Aliporuhusiwa kutoka alikimbia, na jioni habari zilikuwa zimefika kwao Kawetele kwamba mwalimu amemvunjia heshima mkwewe mbele ya watu. Mama yake na shangazi zake walikuja kuuliza kosa lake ni lipi. Kaka yako hakuzungumza nami kwa muda mrefu. Nilikuwa nimemwamuru mtu awe huru. Hebu liangalie neno hilo, kuamuru. Utakutana nalo huko uendako, limefichwa kwenye hotuba za watu wema, na mara nyingine litakuwa mdomoni mwako.

Mambo yalipotulia, mama yako aliniletea ujumbe. Ndiyo njia yetu, maneno kati ya mkwe na mkamwana hupita kwa mtu wa tatu. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akausema kama alivyoupokea.

"Mama Gwakisa anasema hivi. Anasema, mwambie baba, mimi sikuomba kumwona. Niliomba kusikilizwa. Mila inasema tusikae mahali pamoja. Mimi nimekaa migombani tangu nilipoolewa, na naijua mvua ya kule. Mkutano ujao, kama baba ananipenda kama anavyosema kwenye gazeti, akae kule yeye."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nilitafuta kasoro katika hoja ile kama ninavyotafuta kwenye hotuba za wakubwa. Nilisema, lakini mila inataka mwanamke ndiye apishe. Mama yako akaniuliza, "Mtu akimpisha mtu njiani, wote wawili si wamepita?" Nikasema, lakini watu wataniona punguani. Akasema, "Sasa ndiyo umeanza kusema ukweli."

Mimi peke yangu nisingetosha, maana kila mkamwana ana mkwe wake. Nikaanza kuzunguka kwa wazee. Wengi walinifukuza kwa adabu, wengine bila adabu. Aliyenisikiliza ni mzee Lwitiko, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, ambaye amewaozesha vijana wake wote, na kwa sababu yake wakamwana wake wote hukaa migombani.

"Mimi, Lwitiko, nikachuchumae kwenye migomba kama bi harusi? Kijiji kitaniimba, mwalimu."

"Kitatuimba sote wawili. Tutaitikia."

"Na huko kunaloa."

"Ndiyo. Wakamwana wako wanakuambia kunaloa."

Alinitazama sana. Alivuta ugoro wake, akapiga chafya. "Nitakuja na kigoda changu," akasema. "Kuchuchumaa sichuchumai."

Mkutano uliofuata ulikuwa wa kumkaribisha mfanyabiashara aje kupanda mawe ya mpaka. Nilikwenda mapema. Nilipita katikati ya uwanja, nikakipita kiti changu cha mbele, nikaingia kwenye migomba, na Lwitiko nyuma yangu na kigoda chake. Wazee wengine wawili watatu walikuja wakijifanya wanatafuta kivuli, ingawa hakukuwa na jua. Mwenyekiti Asegelile aliniona.

"Mwalimu! Mkweo amekufukuza uwanjani?"

Watu wakaangua kicheko.

"Hajanifukuza. Nimempisha."

"Basi leo tutapumzika," akasema, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Sikumlaumu.

Acha nikueleze kule nyuma kukoje, kwa sababu insha yako inazungumzia haki ya kusikika na haijawahi kukaa pale. Maji yanadondoka kutoka kwenye majani yanakuingia shingoni, hata mvua ikiwa imekwisha. Upepo ukipita unapoteza nusu ya sentensi. Unasikia swali, husikii jibu. Watu wakicheka hujui wamechekea nini, unafikiri wamekucheka wewe. Ukitaka kusema, huna wa kumwangalia ili akupe nafasi. Nilikaa kule kwa mkutano mmoja tu na nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba pengine mambo yenyewe hayanihusu. Tazama wepesi wake. Mtu mwenye kiburi kama changu, mkutano mmoja tu.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamke. Ni nene kidogo, ya taratibu, inasimama katikati ya maneno kama mtu anayepima hatua kwenye utelezi. Nikamuuliza Lwitiko kwa kunong'ona, "Ni nani huyo?"

"Mwalimu," akasema Lwitiko, "si mke wa mwanao?"

Kwa miaka yote ile nilikuwa sijawahi kuisikia ikisema sentensi nzima.

Aliwaambia hivi. "Ndugu mwenyekiti, mtambo unataka maji. Maji yako bondeni, lakini mto huo huo unapita juu, pale darajani, karibu na barabara. Gari lingefika bila taabu. Kwa nini haombi kule? Kwa sababu kule kuna shamba la mtu. Itabidi aongee na mwenyewe, wakubaliane. Huku bondeni mnamwambia aje tu, kwa sababu mnaona hakuna mwenyewe. Mimi nina matuta pale. Mama huyu ana matuta. Huyu pia. Tukae wapi ndipo mtuone kwamba sisi ndio wenyewe?"

Kuhusu darajani hata mimi nilijua. Kila mtu wa Kyimo anajua mto unapita wapi. Lakini mimi sikuwa na tuta bondeni, ndiyo maana niliwaeleza juu ya mabara mengine.

Mwenyekiti akajibu kwamba bonde ni la kijiji na daima limekuwa pori. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Uongo!" nikapiga kelele kutoka migombani.

"Nani huyo anayepiga kelele?" akasema mwenyekiti. "Walio nje ya uwanja hawana neno."

Lwitiko akanivuta koti. "Nyamaza. Siyo zamu yako." Nikanyamaza, na nadhani ndicho kitendo cha kiraia nilichokifanya vizuri kuliko vyote maishani mwangu.

Ikafika kura. Aliuliza nani anataka uamuzi ufikiriwe upya. Sikuona mikono ya uwanjani, ila nilinyoosha wangu. Lwitiko akanyoosha wake, mrefu, na mkongojo juu yake. Mwenyekiti akatangaza kwamba pande mbili ziko karibu sana, na kwamba wasiotaka marekebisho wamezidi kidogo. Mama yako akasimama.

"Mwenyekiti, kuna mikono kwenye migomba."

"Mkutano ni huu ulioketi hapa, mama. Ya migombani haihesabiwi."

Subilaga, laiti ungekuwepo. Migomba ilitikisika. Lwitiko alitoka nusu mwili, akakumbuka wakwe zake, akarudi ndani akigeuza uso, akabaki anaunguruma nyuma ya majani.

"Asegelile! Mimi, Lwitiko, niliyekubeba mgongoni kukuvusha mto ukiwa na surua, mimi sihesabiwi?"

Mwenyekiti akakohoa. "Sikusema wewe, tata, mzee wangu. Wewe unahesabiwa."

"Amehesabiwa," akasema mama yako, taratibu kama anachambua maharage. "Ndaga, asante, mwenyekiti. Basi mikono ya migombani inahesabiwa. Na mkutano uliopita ilikuwepo pia, mingi. Sote tuliokaa huku tuliiona. Tuanze na ile."

Watu walicheka, na safari hii nilijua vizuri wamechekea nini. Uamuzi ulirudiwa, na mtu alitumwa azunguke hadi nyuma kuhesabu. Bonde lilibaki. Mtambo uko darajani, umeuona, mwenye shamba alikubaliana na yule bwana, na maganda ya kahawa bado yanamwagwa mtoni na bado tunagombana juu yake. Sikusimulii ushindi mkubwa. Nakusimulia mkutano mmoja.

Na lipo jambo katika mkutano ule ambalo hadi leo silimezi. Mikono ya wanawake ilikuwa imenyooshwa katika majani yale kwa miaka, na haikuhesabiwa. Ilihesabiwa siku ambayo wanaume wawili walinyoosha yao pale pale. Usiniambie hiyo ni haki. Ni hatua kuelekea haki, na hatua hiyo ina fedheha ndani yake, na nataka uijue fedheha hiyo ili usije ukaridhika mapema kama nilivyoridhika mimi kwa makala zangu.

Huko uendako utaitisha mikutano. Wewe si mtu wa kukaa pembeni. Mtapinga wanafunzi kuchangishwa gharama, mtapinga chakula kibovu cha bwalo, mtaimba, na mtasema "wanafunzi wote wameazimia." Nimeambiwa na vijana waliotangulia kwamba mikutano yenu huwa usiku, uwanjani, na msichana akisimama kusema, asubuhi anakuta jina lake limeandikwa ukutani kwa maneno machafu. Kisha mtu mwenye ufasaha, pengine anayewapenda sana wasichana kwa nadharia, atasimama aseme hakuna aliyewazuia. Utamjua. Atakuwa anafanana nami. Usimtukane, maana hajui aliko. Mwonyeshe migomba.

Na ukitaka kumkomboa mtu, kwanza peleka mtu akamuulize anataka nini. Jibu linaweza kukutaka wewe ndiye uhame. Hilo halikuwemo katika vitabu nilivyosoma, au lilikuwemo nikalipita.

Unataka kuyafuta yote. Huenda utayafuta, nawe una miguu mirefu kuliko mimi. Mama Gwakisa ameniambia, kwa njia ile ile ya mama yako, kwamba binti yake hatajificha kwa mkwe yeyote. Amelisema mwenyewe, kwa wakati wake, kuhusu mtoto wake. Kwa upande wake bado hataki kuniona, nami sijaona kwa nini nimlazimishe. Ninachoweza kukifanya ni kuangalia kila siku ni nani kati yetu ameloa.

Ndiyo maana ya stendi. Kila ulipokwenda bweni ni mimi niliyekupeleka kwenye basi. Nilibeba sanduku, nilikupa maneno yangu marefu, nilikupungia. Mama Gwakisa alikuaga nyuma ya jiko, kwa sababu mimi nilikuwa barabarani. Yeye ndiye aliyekusuka kila likizo, na alikuwa hajawahi hata mara moja kukuona ukipanda gari. Juzi alimtuma mama yako aniulize kama safari hii anaweza kuja. Safari hii ndiyo kubwa kuliko zote, mwanangu, nilikuwa nimeingoja tangu ulipoanza kusoma vibao vya maduka, na nilitaka kukataa. Nilitaka sana. Nikasema aje.

Basi sikilizeni, ninyi mliokaa kitandani kwa Subilaga mkisomewa haya. Kabla hamjahesabu kura zenu za kwanza, mtumeni mtu azunguke nje ya ukumbi na arudi awaambie ni nani amesimama kule na kwa ajili ya nani. Kama kiti chako ndicho kinachomzuia, ondoka kwenye kiti. Msiniandikie kunishukuru. Niandikieni mmekuta nani.

Nawe, binti yangu, ifute ile sentensi. Usiifunike kwa karatasi, ifute kwa wino, na utie jina la aliyeiandika.

Kesho asubuhi, basi la kutoka Kyela likisimama, mkumbatie mama Gwakisa kwanza na umwache alie atakavyo. Ukishapanda, kaa dirisha la kushoto. Baada ya duka la mwisho, kabla ya kona, kuna migomba inayogusa lami. Tazama pale. Nitakuwa nimenyoosha mkono. Uuhesabu.

Baba yako